Neno Lililogeuka Picha: Misimu ya Maonyesho katika Jumba la Sanaa la Makerere

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni methali hiyo ina ukweli wake, lakini haimtoshi mchoraji. Picha iliyofungwa ghalani, hata iwe nzuri vipi, haijiuzi wala haijitembezi. Hungoja mtu aitoe, aifute vumbi, aitundike mahali penye mwanga wa kutosha, kisha awafungulie watu mlango. Kazi hiyo ndiyo maandalizi ya msimu wa maonyesho, na katika jumba la sanaa la chuo kikuu huwa na uzito wa aina yake. Mwenye duka la picha hujiuliza ni ipi itakayonunuliwa. Chuo kikuu hulazimika kujiuliza ni ipi ikumbukwe, ikumbukwe na nani, na ielezwe kwa lugha gani.

Katika Afrika ya Mashariki hakuna mahali ambapo swali hilo lina historia ndefu kuliko kilima cha Makerere, mjini Kampala. Hapo ndipo ilipo shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, na karibu nayo jumba la maonyesho lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo siku hizi hubeba pia jina la Taasisi ya Uhifadhi na Ukarabati wa Urithi. Hata hivyo, maonyesho ya Makerere yalianza takriban miaka 30 kabla ya jengo hilo kusimama. Kwa sababu hiyo, kila msimu mpya unapokaribia, wanaouandaa hawaanzi na kuta tupu. Wanarithi mabishano ya vizazi vitatu kuhusu nini hasa maana ya kuonyesha sanaa katika nchi hizi.

Chanzo chake ni baraza la nyumba. Margaret Trowell, mwanamke wa Kiingereza aliyesomea uchoraji na ualimu mjini London, alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell. Mwaka 1935 walihamia Uganda, mume akafanya kazi katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1937 mkewe alianza kufundisha uchoraji barazani pa nyumba yao. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakuwa na karakana wala hawakutarajia cheti chochote kwa kazi hiyo. Walikuja na macho yao, mikono yao na kumbukumbu za makwao.

Njia aliyoitumia Bibi Trowell kufundishia inastahili kuangaliwa kwa makini na kila apendaye ushairi. Alikuwa ameipata London kutoka kwa mwalimu wake, Marion Richardson, aliyekuwa akiwasimulia watoto tukio fulani kwa maneno, nao wakafumba macho hadi walione, ndipo waanze kuchora. Trowell aliipeleka njia hiyo Kampala. Hakupenda kuwawekea wanafunzi picha za Ulaya mbele yao waziige. Aliwasimulia kisa au kuwaeleza tukio, mathalani soko, mvua au safari, kisha akawaachia wao wakione kila kitu kwa sura ya nchi yao. Picha za mwanzo za Makerere, kwa maana hiyo, zilianza masikioni kabla ya kufika kwenye karatasi.

Kwa mtu wa pwani jambo hili si geni. Mwambao umezoea kuona neno na umbo vikikaa pamoja. Kanga haiitwi kanga kamili mpaka iwe na jina lake, na mwenye kuivaa huchagua jina kabla ya kuchagua ua. Milango ya kuchongwa ya Lamu na Unguja aghalabu hubeba maandishi juu ya kizingiti, ikiwa ni aya, dua au mwaka wa ujenzi. Mshairi naye, anaposifu chombo au mji, humchorea msikilizaji kitu kisichokuwepo mbele yake. Tofauti ni kwamba pwani neno liliachwa libaki wazi juu ya kitambaa au juu ya mti, ilhali Makerere neno lilifanya kazi yake kisha likatoweka ndani ya rangi.

Kilichofuata baraza kilikuwa ni maonyesho, wala haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, mjini Kampala, na mwaka 1939 zikapelekwa London na kuonyeshwa katika Taasisi ya Kifalme ya Dola. Ni vyema kuzingatia mfuatano huo. Shule ilikuwa bado changa, haina jengo lake, haina shahada, lakini tayari ilikuwa imeshasimamishwa mbele ya watazamaji wa mji mkuu wa dola. Maonyesho yalikuwa ni hoja. Yalikusudiwa kuwathibitishia waliokuwa na shaka kwamba Mwafrika anaweza kuchora, na kwamba shule inastahili kusaidiwa.

Hapo ndipo ulipolala utata wa urithi huu. Ukarimu wa Trowell haukanushiki. Alifanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, akakusanya na kueleza kazi za mikono za watu wa nchi ile, na mwaka 1953 akatoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu yake. Lakini alifundisha ndani ya utawala wa kikoloni, na yeye ndiye aliyeamua kipi kiitwe cha Kiafrika na kipi kiitwe cha kuiga. Kumkinga mwanafunzi asione picha za Ulaya kulimlinda na uigaji. Papo hapo kulimnyima haki ya kuchagua mwenyewe. Mabishano yaliyoizunguka shule ile kwa miaka mingi yanatokana na fundo hilo, nalo halijafunguka hadi leo.

Wanafunzi wenyewe hawakungoja wafunguliwe. Gregory Maloba, aliyezaliwa magharibi ya Kenya mwaka 1922, alikuja kuwa mchongaji na kisha mwalimu palepale Makerere. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, sanamu yake ya uhuru ilisimamishwa katikati ya Kampala: mama aliyefungwa nyuzi mwilini akimwinua mtoto juu, na mtoto amenyoosha mikono kuelekea mbinguni. Mamilioni ya watu wamepita mbele ya sanamu hiyo bila kulipa kiingilio. Hayo nayo ni maonyesho, na msimu wake haujafungwa.

Sam Ntiro alitoka Machame, chini ya Kilimanjaro, alikozaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, akabaki kufundisha, kisha kati ya mwaka 1952 na 1955 akasoma Slade, shule maarufu ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London. Wengi wangetarajia arudi akichora kama Mwingereza. Ntiro alirudi akichora vilevile: migomba, vilima, watu wadogo wadogo walioinama pamoja wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda harusini. Hakujishughulisha sana na kivuli wala na hila za kuonyesha umbali. Katika picha zake hakuna mtu mmoja aliye mkubwa kuliko kijiji.

Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York, na huko ndiko iliko. Mwaka uliofuata Tanganyika ikawa huru, naye Ntiro akateuliwa kuwa balozi wake wa kwanza mjini London. Mtu aweza kufurahi kwa yote mawili, maana ni fahari ya haki. Lakini picha ile ina jina la Kiingereza, iko mbali na migomba iliyoizaa, na mtoto wa Machame anayetaka kuiona kwa macho yake hana budi avuke bahari. Kwa mtazamaji wa New York usiku ule ni rangi na mistari mizuri. Kwa mtu wa Kilimanjaro kila mtungi una kazi yake, na kila anayeubeba ana nafasi yake katika ukoo. Sehemu hiyo ya picha haikusafiri, kwa kuwa ilikuwa ni neno, na neno lilibaki nyumbani.

Elimo Njau, naye mtu wa Kilimanjaro na mwanafunzi wa Makerere, alichukua njia nyingine. Mwaka 1959 alikamilisha michoro mitano mikubwa katika kuta za kanisa la ukumbusho huko Murang'a, nchini Kenya, akisimulia maisha ya Yesu katika mandhari ya Wakikuyu, kwa sura za Kiafrika. Waumini waliijua hadithi kwa kuisikia, na sasa wakaiona ikipita katika mabonde yao. Katikati ya miaka ya 1960 yeye na wenzake walianzisha Nairobi nyumba ya sanaa waliyoiita Paa ya Paa. Mshairi wa pwani atautambua mara moja mchezo wa jina hilo: paa ni mnyama, paa ni kuruka juu, na paa ni kile kinachomfunika mtu asinyeshewe. Kwa silabi hizo chache lilitamkwa kusudio lote, yaani sanaa iliyo hai, inayoinuka, na iliyo na nyumba.

Makerere kwenyewe mambo yalikuwa yamebadilika. Trowell aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika anastahili kufundishwa kila kitu anachofundishwa mwanafunzi wa kwingineko: elimu ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, na mbinu mpya za karne ya 20. Waliompenda walisema amefungua madirisha. Waliompinga walisema amewasahaulisha vijana visa vya kwao. Miongoni mwa walimu wa wakati huo alikuwemo Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na miongoni mwa wanafunzi alikuwemo Theresa Musoke, aliyeacha mchoro mkubwa wa ukutani juu ya kuzaliwa katika bweni la wanawake la Mary Stuart. Alikuwemo pia Elias Jengo, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa sanaa wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa katika zama hizo za Todd ambapo jumba la maonyesho lilijengwa. Hatimaye picha zilizokuwa zikihamahama zilipata kwao.

Kilima hichohicho kilishuhudia pia mkutano ambao wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hawawezi kuusahau. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza walikusanyika Makerere. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi mmoja wa chuo kilekile aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi. Baadaye sana Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kwamba jina lenyewe la mkutano liliwafungia mlango waandishi wa lugha za Kiafrika, na akamtaja Shaaban Robert. Mwezi huohuo wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia. Mshairi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake aliondoka bila kualikwa katika baraza lililojadili fasihi ya bara lake, lililofanyika katika nchi jirani na yake.

Wachoraji hawakuwekewa sharti la aina hiyo. Picha ya Ntiro haikuulizwa inazungumza lugha gani kabla ya kutundikwa. Lakini uhuru huo ulikuwa na upungufu wake. Picha iliingia bila lugha, kisha jina lake, maelezo yake na tahakiki zake zikaandikwa kwa Kiingereza, hata ikaonekana kana kwamba ilizaliwa nayo. Sharti waliloliona waandishi mlangoni, wachoraji walilikuta ndani, limebandikwa ukutani kando ya kazi zao.

Jumba jipya halikufaidi utulivu kwa muda mrefu. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka 1972 Waasia wakafukuzwa nchini. Chuo kilipoteza walimu na wanafunzi wengi. Todd aliondoka, Kingdon aliondoka, Musoke akahamia Nairobi na kuishi huko kwa zaidi ya miaka 20. Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini vita havikuisha hapo. Francis Nnaggenda, mchongaji aliyerudi kufundisha Makerere, alitoa katika miaka ya 1980 sanamu kubwa ya mbao aitwaye Mhanga wa Vita: mwili uliojeruhiwa na kupungukiwa viungo, lakini bado umesimama. Uliwekwa katika maktaba kuu ya chuo, mahali ambapo kila mwanafunzi anayekwenda kusoma hana budi apite mbele yake.

Katika miaka kama hiyo kazi ya jumba la sanaa hubadilika. Kuonyesha huwa ni anasa, na kutunza huwa ndiyo kazi yenyewe. Karatasi hupenda kuliwa na wadudu, rangi za mafuta hupasuka kwa joto na unyevunyevu, mbao hutobolewa na mchwa. Anayeziba tundu la paa mwezi wa mvua huenda ameokoa zaidi ya aliyeandika makala kumi. Kwamba Makerere bado ina mkusanyiko wa kazi za wanafunzi na walimu wake tangu zama za mwanzo ni ushahidi wa uvumilivu wa watu ambao majina yao hayakuandikwa chini ya picha yoyote. Thamani ya uvumilivu huo ilionekana Nairobi mwaka 1997, moto ulipoiteketeza Paa ya Paa pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake. Elimo Njau aliendelea na nyumba yake baada ya moto, lakini kilichoungua hakikurudi. Sanaa isiyotunzwa vyema haina msimu ujao.

Kutunza nako, hata hivyo, hakutoshi. Miaka ya karibuni imeonyesha jinsi sanaa ya Afrika ya Mashariki inavyolazimika kuzunguka dunia kabla ya kurudi kwa wenyewe. Mwaka 2017 Krannert Art Museum, jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, lilifungua maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi. Vilikusanywa zaidi ya vitu 150, vingine vikiazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kutoka jumba la Bait Al Zubair la Maskati. Maonyesho hayo yakaendelea Washington na Los Angeles hadi mwaka 2019. Yalikuwa ni kazi ya heshima, na Waswahili wa Marekani waliyaona. Watu wa miji ilikotoka kazi ile hawakuyaona.

Mwaka 2020 mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alipofanya maonyesho yake mjini Munich, aliyaambatanisha na kazi za wakubwa waliomtangulia, wakiwemo Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Edward Saidi Tingatinga. Mkusanyiko huo ulipewa jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Mwaka 2021 ulikwenda London, na mwaka 2022 ukafika Nairobi. Safari hii jina halikutafsiriwa ili liingie Ulaya. Lilivuka bahari kama lilivyo na likarudi kama lilivyo. Ni jambo dogo kwa kuliangalia, lakini kwa historia ya picha hizi ni mara chache neno la wenyewe limetangulia mbele ya picha.

Hilo ndilo funzo ambalo msimu wowote ujao wa Makerere, au wa jumba lolote la chuo kikuu katika nchi hizi, ungeweza kulichukua bila gharama kubwa. Msimu mzuri una sehemu tatu. Una kazi za vijana wanaohitimu, ambao kwao ukuta ule ni mtihani wa mwisho na pia utambulisho wa kwanza. Una kazi za walimu, ili mwanafunzi aone kama mwalimu naye anathubutu. Na una kazi za ghalani, zitolewe kwa zamu ili kila kizazi kiwaone waliokitangulia. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa kwa urahisi, kwa sababu wachoraji wake hawapo tena kuidai.

Lakini kuzitoa ghalani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzirudishia neno. Picha zilizoanza kwa masimulizi hazitatosheka na kijikaratasi chenye jina la mchoraji, mwaka na aina ya rangi. Zinahitaji msimulizi. Zinahitaji mtu wa Machame aeleze mtungi ule unapelekwa kwa nani na kwa nini usiku, mtu wa Buganda aeleze ngoma ile hupigwa lini, na mtu wa pwani, maadamu naye ni jirani na mrithi, asome kwa Kiswahili mbele ya ukuta uleule. Wazee wangali hai ambao waliona kwa macho yao yaliyochorwa katika miaka ya 1950. Idadi yao inapungua kila mwaka, na picha haiwezi kuwasubiri kama ilivyosubiri fedha za ukarabati.

Bibi Trowell aliwaambia wanafunzi wake wafumbe macho, wasikilize, kisha wafumbue na kuchora. Takriban miaka 90 imepita. Michoro ipo ukutani, na macho ya watazamaji yamefumbuliwa. Kilichobaki kwa wanaoandaa msimu ni kumtafuta yule anayekijua kisa, kumpa kiti mbele ya picha, na kumwomba aanze upya.